Nilimfundisha kuandika habari mbaya mstari wa kwanza, nusura anyimwe saini ya field

Ukimpa mtu habari mbaya kabla hujamsalimu, unategemea akusikilize?

Swali hilo niliulizwa mbele ya darasa zima, chaki ikiwa mkononi.

Wakuu, habari za mchana. Nimetanguliza swali nikachelewesha salamu kwa makusudi, mtakaofika chini mtanielewa. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha, chuo na kampuni sivitaji. Yaliyobaki ni kama yalivyotokea, pamoja na sehemu ambazo mjinga nilikuwa mimi.

Nilimaliza chuo kikuu, ualimu, masomo yangu Kiingereza na Jiografia. Ajira hazikutoka. Nikarudi nyumbani Njombe, nikawa napalilia viazi vya mama na kubishana na kila mtu.

Kubisha ni ugonjwa wangu wa zamani. Baba ananiita Wakili tangu darasa la kipaimara, siku niliyomuuliza mwinjilisti kwa nini tunakariri majibu ya maswali ambayo hatukuyauliza. Mwinjilisti alinijibu, "Ndivyo ilivyoandikwa, kaa chini."

Nikaapa kwamba nikiwa mwalimu sitamjibu mtu hivyo.

Basi, baada ya mwaka na nusu nikapata kazi ya part-time kwenye chuo kimoja kidogo Makambako. Somo langu ni Communication Skills. Kwa wasiojua, hili ni lile somo ambalo wanafunzi wote wa diploma wanalazimika kulisoma na wote wanalichukulia kama muda wa kupumzika. Unafundisha insha, barua, ripoti, muhtasari wa kikao, vyote kwa Kiingereza.

Nilidhani shida yao itakuwa sarufi. Sarufi ilikuwepo, sikatai, lakini haikuwa hiyo.

Zoezi la kwanza niliwaambia hivi: wewe ni mtunza stoo, mvua imeingia, mifuko ya mbolea inalowa, unahitaji bosi alete turubai leo hii. Mwandikie nusu ukurasa.

Nilikaa na zile karatasi Jumapili nzima.

Karibu zote zilifanana. Aya ya kwanza, natumaini u mzima wa afya. Aya ya pili, sisi huku hatujambo na kazi inaendelea vizuri. Aya ya tatu, mafanikio. Halafu chini kabisa, chini ya kichwa cha "Challenges", kwamba kuna mifuko kadhaa imeguswa na maji. Wengine turubai hawakuliomba kabisa. Mmoja alimaliza kwa kumshukuru bosi kwa ushirikiano wake.

Mbolea inayeyuka, yeye anashukuru.

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana niliifahamu hiyo ripoti. Ndivyo tunavyozungumza.

Huku kwetu ukienda kwa mtu na taarifa ya msiba, huirushi mlangoni. Unasema kamwene, unaitikiwa kamwene. Unapewa kiti. Unaulizwa safari, salama. Watoto, salama. Mvua huko kwenu, ipo. Nyumbani kwema? Kwema, ila babu ametutoka.

Hiyo "ila" ndiyo inabeba mzigo wote. Nimeisikia tangu mdogo na sijawahi kuona mtu akishangaa. Anayesikiliza naye anaisubiri. Tangu ulipokaa tu ameshajua kuna "ila" inakuja, na zile salama zote ni kumpa nafasi ya kujishikilia.

Kwa hiyo wanafunzi wangu hawakuwa wajinga. Waliandika Kiingereza kwa adabu ya kwao. Tatizo ni kwamba bosi wa kwenye zoezi langu hajakaa kwenye kiti akisubiri "ila".

Nikachukua kitabu kimoja cha nje nilichokuwa nacho tangu chuo, nikaandika ubaoni kanuni: jambo ambalo bosi lazima alijue hata kama simu yake itazima baada ya mstari mmoja, liweke mstari wa kwanza. Habari mbaya kwanza. Salamu hakuna. Atakayeanza na natumaini u mzima, sifuri.

Hapo ndipo Tumaini aliponyoosha mkono.

Tumaini alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, kanizidi hata mimi. Mama wa watoto wawili aliowaacha kwa bibi yao vijijini upande wa Ilembula, na baba yake ni mwinjilisti. Alisoma diploma ya usimamizi wa mazao baada ya kuhangaika miaka mingi na vibarua. Akiuliza, darasa zima linageuka.

"Madam, samahani. Ukimpa mtu habari mbaya kabla hujamsalimu, unategemea akusikilize?"

Hakuishia hapo.

"Maana wewe madam ukija kwetu kumwambia mama yangu nimefeli, utaanzia getini? 'Mama, Tumaini kafeli, shikamoo'?"

Darasa likapasuka. Nami nikacheka. Unajua nilisema nini?

"Ndivyo wanavyotaka wenye kazi zao. Andikeni."

Wakaandika. Nilitoka mle darasani uso unaniwaka. Lilikuwa jibu la mwinjilisti lile lile, tofauti ni chaki tu.

Lakini kanuni sikuifuta. Niliwapa mazoezi mpaka wakachoka, na sifuri niligawa kweli. Kitu cha kushangaza, aliyeielewa kuliko wote ni Tumaini aliyeipinga. Mpaka mwisho wa semester ukisoma mstari wake wa kwanza tu umeshajua nini kimetokea, wapi, na anataka ufanye nini. Insha zake za kitaaluma nazo zikanyooka, hoja mbele, maelezo nyuma. Nilijivunia huyo mama, siwafichi.

Akaenda field, yaani mafunzo ya vitendo kazini.

Alipangiwa kiwanda cha kufungasha parachichi nje kidogo ya mji wa Njombe. Miezi miwili. Kazi yake ilikuwa kuingia chumba cha baridi na kipimajoto, kukichomeka kwenye matunda ya kila paleti, yaani chaga moja la makasha, kujaza fomu, na kutuma ripoti ya siku kwa Kiingereza kwenda kwa meneja mkuu aliyekuwa Dar. Meneja ni raia wa nje, Kiswahili hajui.

Pale kiwandani msimamizi alikuwa mzee mmoja, nimwite Mzee Mlowe. Alishafanya kazi kwenye chai, akafanya kwenye mbao, akamalizia kwenye parachichi. Sweta la kahawia, kalamu mbili mfukoni. Yeye ndiye wa kusaini logbook ya Tumaini na kumpa alama.

Logbook bila saini hakuna alama za field. Bila alama za field humalizi, unasubiri mwaka mwingine wa nyuma yako wakienda. Tumaini hakuwa na mwaka mwingine. Bibi wa watoto alishaanza kuumwa miguu, na mwenyewe alishaniambia, "Madam, hii ikigoma narudi kulima, sitasoma tena."

Wiki ya sita, asubuhi, likaja kontena la kupakia mzigo wa Ulaya.

Tumaini akaingia na kipimajoto chake. Paleti za kona ya ndani hazijapoa. Akarudia. Akabadilisha kipimajoto, akarudia tena. Hazijapoa.

Kwa wasiojua parachichi: tunda likiingia kwenye kontena bila kupoa vizuri, linaendelea kuiva humo baharini. Linafika limelainika, na linaivisha na majirani zake.

Mzee Mlowe alikuwa nje na dereva, wanaangalia makaratasi. Ofisi ilikuwa pembeni, kompyuta iko wazi. Tumaini akakaa, akaandika email kwa meneja, nakala kwa Mzee Mlowe. Mstari wa kwanza:

"Stop loading. Pallets 9 to 14 are still warm."

Chini yake jedwali la vipimo. Basi. Hakuna Dear Sir, hakuna natumaini u mzima. Akatuma.

Hazikupita dakika kumi, simu ya Mzee Mlowe ikalia. Ni Dar. Mzee hakuwa ameona email yoyote, simu yake yenyewe ilikuwa ya batani. Akafokewa pale pale mbele ya dereva na wapakiaji, kwa sauti ya kusikika nje ya simu, kwamba hajui kinachoendelea kwenye chumba chake mwenyewe.

Kontena likasimamishwa, paleti sita zikarudishwa ndani. Kazi ilifanyika sawasawa kabisa.

Mchana Mzee akamwita Tumaini, akampa logbook yake mkononi, imefungwa, haina saini.

"Nenda kapumzike kwenu. Mtu aliyenishitaki Dar siwezi kufanya naye kazi chumba kimoja."

Nilikuwa Makambako, ofisi ya walimu, nimefunga dirisha kwa sababu ya upepo, simu ikaita.

"Madam, kamwene."

"Kamwene, Tumaini. Vipi field?"

"Field nzuri, madam. Kazi nimeipenda, watu wazuri, parachichi zipo." Akavuta pumzi. "Ila ule mstari wako wa kwanza umenirudisha nyumbani."

Wakuu, hapo sikuweza kumlaumu. Maana kama kanuni ingekuwa ya kwake ningesema kajitakia. Ilikuwa ya kwangu, nimeitoa kwenye kitabu, na aliponiuliza kwa nini nilimnyamazisha.

Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Akaniambia bila kuinua macho, "Mwalimu, hayo ni mambo ya field. Mwanafunzi aombe radhi, yaishe."

Aombe radhi ya nini? Kwamba alipima vizuri? Nikaanza kubisha, akainua macho. Nikatoka.

Jumamosi nikapanda kwenda Njombe, nikakutana na Tumaini stendi, tukaenda nyumbani kwa Mzee Mlowe. Nilijiandaa haswa. Kwenye mkoba nilikuwa na kurasa za kile kitabu nimezitoa kopi, na kichwani nilipanga hoja zangu kwa mfuatano: kwanza uamuzi tunaoutaka, pili sababu, tatu ushahidi. Kama ninavyofundisha.

Tulimkuta uani na mkewe wanachambua viazi vya mbegu. Kamwene, kamwene. Shikamoo baba, shikamoo mama. Tukapewa viti. Mama akaingia ndani, akatoka na chai ya maziwa na sahani ya viazi vya kuchemsha. Kazi yetu haijaguswa, tunakula.

"Za Makambako, mwalimu?"

"Salama, baba."

"Upepo?"

"Upo, baba, wala haujahama."

"Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na chuo?"

Sasa hapa. Nikaweka kikombe chini, nikakohoa, nikafungua mdomo kutoa hoja yangu ya kwanza. Kilichotoka ni hiki:

"Chuo salama, baba. Wanafunzi wazima, masomo yanaendelea vizuri, mitihani ndiyo hiyo imekaribia. Ila..."

Tumaini akapaliwa na chai. Akajifuta na upande wa khanga, akasema chini chini, lakini si chini vya kutosha:

"Madam, sifuri."

Mzee akageuka. "Sifuri ya nini?"

Ikabidi nieleze. Nikamweleza kanuni yangu, sifuri zangu, mifuko ya mbolea, swali la Tumaini na jinsi nilivyolijibu. Zile kopi hata sikuzitoa. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akaacha viazi. Mzee alitabasamu upande mmoja wa mdomo, kisha akasema:

"Mwalimu, mimi na ule mstari hatuna ugomvi. Matunda yalikuwa hayajapoa, ni kweli. Yangefika uji. Ugomvi wangu ni hatua." Akamgeukia Tumaini. "Mwanangu, kutoka chumba cha baridi mpaka nilipokuwa nimesimama na dereva, hatua ngapi?"

"Hazifiki thelathini, baba."

"Na kutoka pale mpaka Dar?"

Tumaini akaangalia chini.

"Habari ikatoka hapo, ikaenda Dar, ikageuza, ikaja kunikuta mimi palepale nilipokuwa. Mkubwa mzima nafokewa kwa vipimo vya nyumbani kwangu ambavyo mgeni wa Dar anavyo na mimi sina. Ungekuja ukaniambia baba kamwene, kona ya ndani kuna shida, ningekusikia. Halafu huko Dar ungeandika unavyotaka, hata bila salamu. Karatasi haina masikio ya kusalimiwa."

Ugonjwa wangu ukanipanda. Nikashindwa kujizuia.

"Lakini baba, kama angekuja kukuambia kwa mdomo, ungesimamisha kontena?"

Mama akaniangalia. Tumaini akanikanyaga mguu. Mzee alishika kiazi kimoja, akakigeuza, akakitazama macho yake ya kuchipua moja moja kama anayahesabu.

"Kunywa chai, mwalimu. Inapoa."

Nikajiambia moyoni, nimemkamata. Asingesimamisha huyu.

Aliyetuokoa ni Tumaini. Alishuka kwenye kiti akapiga goti, akasema:

"Baba, naomba radhi kwa hatua. Hatua thelathini zilinishinda, nimekosa. Mstari siuombei radhi."

Mzee akacheka kicheko cha kweli, cha kwanza siku hiyo.

"Huyu kweli mtoto wa mwinjilisti. Anatubu kwa kipimo. Haya, kiko wapi hicho kitabu?"

Logbook ilikuwa ndani ya khanga, ameifunga kiunoni. Mzee akachagua kalamu kati ya mbili zake, akasaini wiki zote sita moja baada ya nyingine, taratibu. Kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa Kiingereza, na nilikuwa namchungulia: "Reports well. Should walk first."

"Jumatatu uje," akamwambia. "Zimebaki wiki mbili na baridi iko palepale."

Tulipotoka pale na kufika barabarani nikakaa kwenye jiwe. Ni kama umebeba gunia la viazi kutoka bondeni, ukilitua ndipo unajua lilikuwa zito kiasi gani. Tumaini alicheka njia nzima akiniigiza, "Chuo salama, baba, ila..." Nikamwacha acheke. Angeniigiza mpaka Makambako ningemwacha.

Alimaliza field, akamaliza diploma.

Nilichojifunza, nami nakisema nikiwa bado nakihoji.

Kanuni ya mstari wa kwanza naifundisha mpaka leo na sifuri bado nagawa. Ripoti au email inayosomwa na mtu aliye mbali, mwenye haraka, asiyekuona uso, iende uchi. Asikudanganye mtu.

Ila kabla hawajaandika mstari wowote, wanafunzi wangu sasa wanachora. Wanachora mahali pa kazi, wanaweka alama walipo wao, alipo mtu wa karibu anayehusika na jambo hilo, na hatua zilizopo katikati. Huyo wa karibu anafuatwa kwa miguu. Anasalimiwa, anapewa "salama" zake na "ila" yake. Baada ya hapo ndipo karatasi inaandikwa. Nilikuwa nafundisha kuandika kama vile kuandika ndiyo kazi yote, kumbe kuna kipande cha ripoti kinachofanyika kwa miguu kabla hujagusa kompyuta.

Kitabu changu cha nje hakina sura hiyo. Labda aliyekiandika hakuwa na Mzee Mlowe.

Kuna sehemu bado inanisumbua. Je, kama huyo wa karibu ndiye anayeficha tatizo? Ukimfuata kwa hatua thelathini ukamsalimu, si unampa muda wa kufuta? Wanafunzi wameniuliza hili, na safari hii sikusema ndivyo ilivyoandikwa. Nimesema sijui. Walioko maofisini na viwandani, hasa mnaoandika ripoti kwa mabosi wa mbali, nyie mnafanyaje? Na walimu wenzangu wa Communication Skills, mnaitatuaje hiyo "ila"? Naomba uzoefu, hata wa kunipinga.

Jambo la mwisho, nimelijua mwezi uliopita tu, karibu miaka mitatu baadaye.

Tumaini aliajiriwa kiwanda kilekile. Mwaka huu Mzee Mlowe amestaafu, na yeye ndiye aliyepewa mafaili yake ayapange. Akanipigia simu mchana, na kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane hakunisalimia.

Katika faili la wiki ile ya kontena kuna ripoti tatu za Mzee kwenda Dar, za siku tatu mfululizo kabla gari halijafika. Zote zinaanza kwa kumtakia meneja afya njema, kisha yanafuata mafanikio, na zote, ukurasa wa pili, chini ya "Challenges", zina sentensi moja ya mwisho: feni ya kona ya ndani haipoozi, tunaomba kontena lisije kwanza.